Trela Iliyokataa Moto

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alifika Busia asubuhi moja akanikuta nimeinama jikoni. Chapati ya tatu ilikuwa imelala mbichi kwenye kikaango kwa sababu moto ulikuwa umekufa tena. Hata salamu hakunipa. Aliingiza kichwa dirishani, akatazama jiko, akacheka.

"Shemeji, hii kitu imekufa," akasema. "Jumamosi tunamaliza matanga, ukoo itakaa. Mimi nachukua. Nitaweka kuku ndani."

Kuku! Ndani ya trela yangu! Ile trela ni nyumba ndogo ya magurudumu mawili, ina kitanda, kabati na jiko la gesi la meko mawili. Zamani walilala humo wajenzi wa barabara, na kazi yao ilipoisha nikainunua kwa jasho la chapati zangu mwenyewe. Nalala humo, napika humo. Malori yakipanga foleni mpakani Busia, niko Busia. Yakihamia Malaba, nakodi pikapu inivute hadi njia ya Tororo. Lakini muuzaji alikataa kuandika jina la mwanamke kwenye karatasi. Alitaka sahihi ya mume, na mume akatia. Sasa mume amelala kaburini kwao Nabuyoga na karatasi inasema trela ni yake.

Hasira zilinipanda, mdomo ukatangulia akili.

"Sawa," nikamwambia. "Jumamosi nitapika chakula cha wageni wote ndani ya trela hii hii. Moto ukizima hata mara moja, ivute upeleke kwa kuku wako. Usipozima, sitaki kusikia neno trela kinywani mwako tena."

"Mbele ya ukoo?"

"Mbele ya ukoo, na mama yako awe shahidi."

Alipoondoka niliketi kitandani nikajiuliza, we mwanamke, una wazimu? Zilibaki siku nne, na jiko lilikuwa limenishinda mwezi mzima. Kila asubuhi liliwaka vizuri, moto wa buluu unaonguruma. Baada ya muda moto ulinywea, ukawa mdogo kama wa kibatari, kisha kimya. Nikifunga mtungi nikalala, kesho yake linawaka tena kama halikufanya kosa lolote.

Ushauri nilipewa wa bure, na wa bure ndio ulioniudhi zaidi. Dereva mmoja wa lori aliniambia niumwagie mtungi maji ya moto. Jirani yangu muuza ndizi alisema niutikise kama mtu anayechanganya dawa. Mwingine, mama wa kanisani kwetu, alinishika mkono akanong'ona kwamba marehemu anadai matanga yake, ndiyo maana anazima moto. Nilimtazama. Mume wangu hakuna alichopenda duniani kama chai ya moto. Yeye azime jiko? Ng'o!

Nikaamua kutafuta mwenyewe, kitu kimoja baada ya kingine. Siku ya kwanza niliupima mtungi. Niliunyanyua, ulikuwa mzito, na ndani yalicheza majimaji. Kwa hiyo gesi ilikuwapo. Nikakoroga sabuni ya unga kwenye bakuli, nikapaka viungo vyote nione kama kuna povu linalopanda. Hakuna. Siku ya pili nilifungua meko. Nilikuta buibui amejenga kwenye tundu la gesi, nikamfukuza kwa matusi, nikasafisha kwa waya mwembamba, nikapiga vigelegele peke yangu kama mwendawazimu. Moto ukawaka vizuri kuliko siku zote. Chapati ya nne, ukanywea. Nilitupa mwiko hadi barabarani.

Siku ya tatu nilinunua mpira mpya wa gesi upande wa Kenya, kule nilikozaliwa. Haukusaidia kitu. Fundi aliyeniuzia aliingia ndani, akafungua huku na kule, akapuliza kwa mdomo.

"Mathe, hapa kila kitu iko poa," alisema. "Uza hii kitu, ununue jiko ya makaa."

"Nimekuuliza bei?" nilimjibu. Akafunga mkoba wake akaenda.

Jioni hiyo nikiosha vyombo ndipo nilipojiona mjinga. Mimi, fundi, sote tulikuwa tukifungua viungo jiko likiwa limeshapumzika. Nani humpima mgonjwa akishapona? Asubuhi ya siku ya nne, Ijumaa, niliwasha, nikapika, nikangoja. Moto ulipokata roho tu, nikafunga mtungi, nikafungua madirisha na mlango, nikashika spana.

Nikaanza na pale ambapo mtungi wa Uganda unakutana na kichwa cha gesi cha Kenya, kile cha kufungulia na kupunguza gesi. Vitu hivyo viwili havijuani, mdomo wa huu hauingii kwa kile. Lakini sisi watu wa mpakani hatununui kitu kipya eti kwa sababu serikali zimechora mstari. Tunaunganisha. Mwezi mmoja nyuma, nilipoanza kuchukua mitungi ya Uganda, fundi wa vyuma alinichongea kiungio cha shaba. Kilivuja, nikakitilia wosha ya kuzibia, kipete cha mpira nilichokikata mwenyewe kwa wembe. Niliikata kutoka kwa tyubu ya baiskeli ya mume wangu, ile aliyobebea abiria kuvuka mpaka kabla pikipiki hazijajaa. Moyoni nilifurahi kwamba kitu chake kinanifanyia kazi.

Nikakifungua kile kiungio. Ala! Wosha ilikuwa imevimba kama mdomo ulioumwa na nyuki. Tundu nililolikata la kupitisha kidole kidogo lilibaki la kupitisha sindano. Nikaiweka dirishani. Kufikia mchana ilikuwa imenywea, karibu irudi kama nilivyoikata. Gesi iliulewesha ule mpira, na mpira ukaikaba gesi. Mwezi mzima nilikuwa nimejinyonga kwa mkono wangu mwenyewe.

Nililia kidogo, siwezi kuficha. Kisha nikapanda pikipiki hadi Tororo, nikanunua kichwa cha gesi kinachoingia kwenye mtungi wa Uganda moja kwa moja. Kile kiungio cha shaba nilikitupa. Wosha niliifunga kwenye pindo la leso.

Jumamosi pikapu ilinivuta hadi Nabuyoga, ikaniacha katikati ya ua wa wakwe zangu, mahema yakiwa yamesimamishwa na watu wamejaa. Niliwasha mbele yao wote. Nilipika wali, nyama, chai, na chapati hadi mikono ikafa ganzi. Shemeji alivuta kiti akakaa mkabala na dirisha langu, haondoki, macho kwenye moto. Moto haukutikisika. Mchana ulipita, wageni wakala, wengine wakarudia, na meko yote mawili bado yananguruma.

Mama mkwe alikuja taratibu akasimama kando ya mwanawe.

"Moto umezima?" akamwuliza.

"Haijazima."

"Basi kula, uache mke wa ndugu yako."

Nilidhani yamekwisha. Lakini shemeji alisimama, akapandisha sauti ili wazee wa ukoo wasikie. "Sawa, inawaka. Lakini karatasi iko na jina ya ndugu yangu. Iko na kitu yake ndani, lazima ukoo ichukue."

Nikafuta mikono, nikashuka ngazi ya trela, nikafungua pindo la leso.

"Ni kweli," nikasema kwa sauti ya kusikika. "Ndani mlikuwa na kitu chake kimoja. Nimeshakitoa." Nikamtilia wosha mkononi. "Hii ni tyubu ya baiskeli yake. Ndiyo iliyokuwa ikizima moto. Mengine yote nimenunua mimi, kila mtu hapa anajua, na wewe unajua. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, shemeji."

Mama mkwe ndiye aliyecheka kwanza, kisha wazee. Shemeji alibaki amekitazama kile kipande cha mpira kiganjani, na nikaona macho yake yamelowa, maana ile baiskeli ndiyo iliyompeleka shule. Hakukitupa. Alikitia mfukoni mwa shati.

Nilirudi ndani, kwa sababu chapati ilikuwa inaungua.