Spika ya Harusi ya Mnyuzi

Kila ninapopita Mazinde na harufu chachu ya mkonge uliosagwa ikaingia dirishani, namkumbuka bibi yangu, Bi Zaina. Alifanya kazi miaka mingi kwenye korona, ile mashine ya kuchakata mkonge. Kelele za humo hazikumruhusu mtu kumsikia mwenzake, kwa hiyo waliongea kwa mikono na midomo. Nilipozaliwa, masikio yake yalikuwa yameshakufa.

Nilikuwa darasa la pili mjomba alipooa Mnyuzi. Mchana ule zililetwa spika ndefu kuliko mimi, nasi watoto tukabuni mchezo: bandika sikio kwenye spika muziki ukipigwa, wa mwisho kutoka ndiye bingwa. Niliwashinda wote, hata binamu zangu wakubwa wa Handeni.

Mara nikashikwa bega. Bibi akaniwekea kiganja kifuani, kisha akamwita fundi wa muziki, akauvuta mkono wake na kuuweka palepale.

"Unahisi? Huyu ni mtoto, siyo ngoma!" Sauti yake ilikuwa kubwa, kama kawaida yake.

Watu wakacheka. "Mama nawe!" shangazi akamtania. "Husikii kitu, inakuuma nini?"

Bibi alimsoma midomo. "Ndiyo maana najua. Punguza, baba. Na hiyo spika igeuzie shambani, huku kuna watoto."

Fundi akapunguza huku akiguna. Mimi nikanuna, nilikuwa nimenyang'anywa ubingwa.

Kesho yake sikio la kulia lilivuma kama nyuki ndani ya debe. Bibi akaniziba la kushoto, akasimama nyuma yangu aninong'oneze jina. Kwa kuwa hakuisikia sauti yake mwenyewe, alipaza hadi jirani wa nyumba ya tatu akatoka kuuliza kuna nini. Kazi hiyo akampa dada yangu Rehema, yeye akakaa mbele yangu akinitazama usoni. Siku ile sikugeuka. Ya pili sikugeuka. Ya tatu nikageuka na kusema, "Abee, dada." Bibi akajifunika uso kwa kanga. Nilidhani anacheka.

Leo kazi yangu ni kusikiliza watu na kuandika wanayosema, na masikio yangu yote mawili ni mazima. Namshukuru bibi kwa hayo. Nilichelewa sana kuelewa kwamba aliyenitunzia masikio hakuwahi, hata mara moja, kuisikia sauti yangu.