Watakatifu wa Mwezi wa Tikiti

Aloisi Okeyo alikuwa mchuma chai kama sisi, lakini jioni alifundisha dini, na laini nzima ya vibanda vyetu ilimwita Mwalimu. Kusoma hakujua. Watakatifu alikuwa nao kichwani, kama padre alivyomfundisha: Yosefu wa mwezi wa tatu, mtu wa kazi asiyenung'unika, Antoni wa sita, rafiki wa maskini, Ana wa saba, mvumilivu aliyepata mtoto uzeeni. Ana alikuwa wa Adoyo, mkewe, maana Adoyo hakuzaa, na wanawake wenzake mtoni hawakumwacha asahau.

Mwaka ule, sikukuu ya Yosefu, padre alipita kambini akamwambia Okeyo, "Nitasoma misa Londiani siku ya Mtakatifu Ana."

Haukupita muda Adoyo akaanza kukohoa damu. Alitaka kitu kimoja tu, kuungama kabla hajafa. Kulikuwa na jambo lililomlemea, na hakumwambia mtu.

Hapa ndipo hasira hunipanda mpaka leo. Kambini mwezi haukuwa ule wa angani. Mwezi ulikuwa tikiti, ile kadi ya kazi: siku thelathini za kazi. Jumapili haimo, siku ya homa haimo, siku nyapara amenuna akakataa kukutia alama haimo. Tikiti ijae ndipo tuseme mwezi umekwisha. Okeyo aliwapanga watakatifu wake kwa mwezi huo, masikini, na nani angemsahihisha? Mimi mwenyewe sikujua mwezi mwingine. Karani alijua tarehe, lakini nani humwuliza karani habari za Mtakatifu Ana?

Hesabu yake ilipofika mwezi wa saba, tulimlaza Adoyo kwenye machela ya blanketi, mumewe na sisi Wakisii watatu, tukashika njia ya Londiani. Alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu. Njia nzima alikuwa na furaha.

Stesheni ya reli ya Londiani tulimkuta mfagiaji mmoja, Mkatoliki aliyemjua Okeyo.

"Misa ya Ana?" alishangaa. "Mwalimu, hiyo ilipita zamani. Padre alikuja, akasoma, akarudi Kisumu. Saa hii tunangoja Mikaeli."

"Mikaeli ni wa mwezi wa tisa," Okeyo akasema taratibu, kama anayemfundisha mtoto.

"Ndiyo. Sasa ni mwezi wa tisa."

Okeyo akaketi chini palepale. Maji yakimwagika hayazoleki.

Adoyo hakufika nyumbani. Tulimtua kando ya njia, mvua ikinyesha, akamshika mumewe shati na kumwambia maneno kwa Kijaluo. Okeyo akalia.

"Anataka kuungama kwangu," alituambia. "Mimi si padre. Siwezi kusikia."

Akaziba masikio kwa mikono yote miwili, maana ndivyo alivyofundishwa, akafumba na macho. Adoyo hakunyamaza. Alinigeukia mimi niliyekuwa nimemshika kichwa, akasema yote, mpaka pumzi ikamwishia.

Nilisikia kila neno, na Kijaluo sikijui.