Gesi ya Kompyuta

Alhamisi alasiri nyumba yetu ilinukia udi hadi kichochoro cha pili. Mama hakununua udi wa dukani. Aliupika mwenyewe, vipande vya sandali na sukari na marashi, akavikoroga sufuriani mpaka vikashikana, vyeusi, vinanata kama halua iliyozidi moto. Ukishauhifadhi kwenye mtungi, huo ni udi wa miezi sita. Kisha alikuwa na tenga lake la fito. Aliweka chetezo chini, akalipindua tenga juu yake, akatandaza nguo, na moshi ukapanda polepole ukaingia kwenye kila uzi. Kanzu za baba, buibui la dada yangu Rukia, mashuka ya wageni, vyote vilipita hapo. Tulikaa nyuma ya Ndia Kuu, mtaa wa kale wa kisiwani, nyumba ya ghorofa moja yenye kuta za chokaa zinazotoka jasho mvua zikinyesha, na mtu akipita chini ya dirisha letu aliijua siku ya juma bila kuuliza. Miaka ya tisini ilikuwa ikielekea ukingoni, nami nina miaka kumi na miwili.

Niseme mapema mimi ni nani, ili msomaji asije akadhani anasoma maneno ya mtu aliyebahatisha. Niliishia darasa la nane, na hilo la nane lenyewe nililimaliza kwa kusukumwa. Leo nina duka langu Makadara, meza tatu za kazi, na wenye shahada zao hupanda ngazi zangu wamekumbatia mashine zilizowashinda. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mimi niliundwa msimu ule kompyuta ilipoingia nyumbani kwetu, na aliyeniunda ni shaka. Shule haikunifundisha kitu kikubwa kuliko kumtilia mtu shaka anapozungumza sana.

Kompyuta ililetwa na mjomba, kaka yake mama, kutoka Dubai. Ilikuwa kubwa kama sanduku la mahari, na feni yake ilivuma hata ukiwa jikoni unaisikia. Ikawekwa chumba cha juu, mezani, ikafunikwa kitambaa cha kufuma kama mwari. Wanawake wa mtaa wakaja kuitazama, kila mmoja na maashalla yake, na mama akawa anawahesabu wale waliotazama bila kuitamka. Baba hakuipenda. Yeye alikuwa fundi wa kunakshi milango, na alikuwa akisema kazi yake kila mtu aiona, lakini kazi ya sanduku lile haijui ila aliyelifunga. Ila Rukia alikuwa amejifunza kupiga chapa, na ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini ilikubali kumpa kazi ya kuandika hati zao akiwa nyumbani, azipeleke kwenye disketi kila Jumatatu. Baba alikataa. Mama akamsihi wiki nzima, akampa dhamana yake mwenyewe. Baba akakubali kwa sharti moja: kazi isimtoe mtoto wake nyumbani, na sanduku lisimletee vurugu.

Lilileta. Wiki ya tatu, Jumamosi asubuhi, Rukia akiwa katikati ya hati, kioo kikawa cheusi. Akaliwasha, likavuma kidogo, likazima. Ndipo akaitwa Fundi Twalib, mtu mrefu wa shati jeupe na kalamu nne mfukoni ambazo sikuwahi kumwona akiandika kwazo. Alitutoa sote chumbani. Alisema mashine haitaki macho mengi, na mama akaitikia kwa kichwa, maana hilo ndilo alilokuwa akilisema tangu mwanzo. Tukasimama ukumbini tukisikia anagonga, anapuliza kwa mdomo, anagonga tena. Alipotoka, feni ilikuwa inavuma.

"Mzee, megahezi zilikuwa zinavuja," alimwambia baba. "Baiti zimepandana kwenye mazabodi, kumbukumbu imekosa pa kupumulia. Mngechelewa siku mbili, rejista ingepasuka."

"Na hiyo rejista ni ya mti au ya chuma?" baba akauliza.

"Ni ya kihisabati."

Baba akamtazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia, anayesikia mlio tu. Mimi nilikuwa ngazini. Nilimtazama fundi mikono, maana baba alinifundisha kuwa fundi hujulikana kwa mikono. Ilikuwa safi mno kwa mtu aliyetoka kuziba kitu kinachovuja.

Wiki mbili baadaye likafa tena, na tena ilikuwa Jumamosi. Safari hii Twalib hakukaa sana. Alitoka akifuta jasho, akasema, "Hii imechezewa. Kuna virusi vimeingizwa kwa kidole. Nyumba hii ina mtoto?" Wote walinigeukia. Rukia ndiye aliyeniuma zaidi, kwa kuwa yeye ndiye aliyenifunza kuandika jina langu kwenye kibodi.

"Wewe Athmani, wanitakia nini mimi?" aliniuliza. "Ulishika nini?"

"Sikushika kitu."

"Basi kitu kimejishika chenyewe."

Baba hakunipiga. Alisema neno moja tu, tena kwa sauti ya kawaida, nalo lilikuwa baya kuliko fimbo: likifa mara ya tatu, sanduku litarudi kwa mjomba na Rukia atarudi jikoni, na asisikie mtu akimwombea. Tangu siku hiyo nyumba ikawa ya kuviziana. Rukia akawa anafunga chumba kwa ufunguo anaouficha kifuani. Mimi namvizia Twalib kila apitapo sokoni. Mama naye, kwa kusikia virusi, akazidisha udi. Nilimwona Alhamisi moja mlango ukiwa wazi: chetezo chini ya meza, na leso mbili zimeteremshwa kutoka juu ya kompyuta mpaka sakafuni, moshi usipotee bure. Sikuona ajabu yoyote. Kitu cha thamani kwetu kilifukizwa, na kitu chenye adui kilifukizwa mara mbili.

Mara ya tatu ilikuja Jumamosi, baba akiwa karakanani. Rukia alilia bila sauti. Mama akasema baba asiambiwe, akanituma Makadara nikamwite fundi. Twalib akaja, akainamisha sikio kwenye sanduku, akaligonga ubavuni kwa kidole cha kati, mara mbili, akasubiri.

"Gesi ya prosesa imeisha," akasema. "Ntarudi Jumatatu na mtungi."

Hapo ndipo moyo wangu ulipokaa sawa. Mwezi mmoja nyuma nilikuwa kwa jirani yetu Bi Maimuna friji yake ilipokataa kugandisha, na mtu huyu huyu aliinamisha sikio lile lile, akagonga kwa kidole kile kile, na gesi ikawa imeisha. Nilimwambia mama, "Yule ni fundi wa friji." Mama akaniambia ninyamaze, mtoto hasuti watu wazima. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini ukiwa na miaka kumi na miwili huruhusiwi kusema kwamba ni debe.

Rukia akavaa buibui akaenda kuwasihi watu wa ofisi wamwongeze siku. Alitoka kwa haraka, ufunguo akauacha mlangoni. Mama alikwenda nyumba ya tatu kusaidia kupika pilau ya harusi. Nikachukua bisibisi ya baba, chupa yake ya spiriti anayochanganyia vanishi, na mswaki wangu mwenyewe. Skrubu zilikuwa sita. Nilipovuta ubavu wa sanduku sikuona gesi wala baiti zilizopandana. Niliona feni iliyoganda kwa utomvu mweusi, mapanga yake manene kama yamepakwa lami, na vumbi lote la mtaa limenata humo. Nikalikwangua kwa ukucha, nikalinusa. Lilinukia kanzu za baba za Ijumaa. Lilinukia mtandio wa mama.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikaa chini kwanza. Nilikuwa nimemshuku Twalib, nimemshuku Bi Maimuna kwa jicho lake, siku moja nilimshuku hata Rukia kwamba amechoka na kazi. Sikuwahi kumshuku mama. Kisha nikaanza kusugua, panga moja baada ya jingine, mpaka feni ikazunguka kwa kupulizwa. Nilikuwa narudisha skrubu ya nne mama alipoingia, mikono bado ina bizari. Alitazama sanduku, akanitazama mimi, akachukua mswaki kutoka mkononi mwangu. Akaunusa. Aliunusa kwa muda mrefu, kama anavyonusa udi wake kujua umeiva au bado. Aliufunga mswaki kwenye ncha ya leso, akasema, "Maliza, baba yako yuwaja," akashuka.

Jumatatu alasiri Rukia alikuwa anapiga chapa na mashine inavuma vizuri, baba ameketi ukumbini na kahawa yake, mara Twalib akabisha hodi na mtungi mkononi. Alisema amekuja kuongeza gesi. Baba akaweka kikombe chini.

"Kwani limekufa tena?"

Kibodi chumbani ikanyamaza. Nilimtazama mama. Yeye ndiye aliyetoa dhamana, na neno lake peke yake ndilo lililokuwa limesimama kati ya Rukia na jiko. Likianguka hilo, hakuna jingine.

"Halikufa," mama akasema. "Athmani alivuta waya, likazimika. Akaurudisha."

Baba akanigeukia. "Kweli?"

Mama alikuwa anamimina kahawa ya fundi, na hakumwaga hata tone. Nikasema, "Kweli, baba." Nilikatazwa kukanyaga chumba kile mpaka nitakapoota ndevu. Twalib aliinua kidole akasema prosesa ikipumzika gesi hurudi yenyewe, akanywa kahawa vikombe viwili, akaenda zake na mtungi wake. Alhamisi iliyofuata chetezo kilibaki kwenye nguo. Na sanduku halikufa tena hata siku moja, jambo ambalo kwa Rukia lilikuwa ushahidi kamili: mtoto alipofukuzwa, mashine ikapona.

Siku hizi mashine ni nyembamba kama sahani, zimegandishwa kwa gundi, na mteja hufika dukani amekwisha soma kwenye simu anachougua mgonjwa wake. Nikimwambia ni vumbi tu, haridhiki. Ananitazama kwa jicho lile lile nililomtazamia Twalib mimi, ila mimi nilikuwa na haki. Wapo walioondoka kwangu wakaenda kwa wenye maneno marefu, kisha wakanirudia wameinamisha vichwa. Nawapokea. Haya ya nyumbani sijapata kumwambia mtu, na nayaandika kwa kuwa Rukia husoma hati na barua tu, maandishi marefu hana subira nayo.

Ana ofisi yake mwenyewe sasa, Ganjoni, wasichana sita wanamfanyia kazi. Mashine zake zikisumbua huniita mimi, kwa kuwa kisiwa kizima hakuna mwingine wa kumwita, lakini nikifungua husimama nyuma ya bega langu mpaka nifunge. Mwezi uliopita nilikwenda, nikamkuta mama ameketi kwenye kochi la wageni. Amezeeka, macho yamepungua nguvu. Nilipotoa bisibisi akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba maji, "Rukia, msimamie huyo, asije akaiua tena."

Nilimtazama usoni nijue kama amesahau au ananipima kama bado nina kifua cha kuweka siri. Sikuona kitu. Nikainama nikaendelea na skrubu zangu, na Rukia akasogea karibu zaidi.