Mashua za Ndala Kwenye Lambo la Kasoli

Nilikulia kando ya lambo la kunyweshea ng'ombe, huku Kasoli, na nasema bila aibu kwamba sisi tulikuwa mabaharia. Kila pamba ikishauzwa, baba alikwenda Lamadi kununua samaki, naye alimpakia mtoto mmoja tu kwenye keria ya baiskeli akalione ziwa. Aliyekwenda ni yule ambaye mashua yake ilivuka lambo kwanza.

Mashua za mwanzo zilikuwa mabua ya mtama yaliyofungwa kamba, tanga lake ganda la muhindi. Nusu ya safari zilikuwa zinazunguka tu. Kisha zikaja za ndala. Ukipata ndala iliyokatika mkanda, ukachomeka kijiti na mfuko wa plastiki wa rambo, ilikimbia kama ng'ombe aliyesikia harufu ya chumvi. Mwaka mmoja nilikuwa naongoza mimi. Ng'ombe wetu mwekundu akaja kunywa, akainua kichwa na tanga langu mdomoni, akalitafuna taratibu huku akinitazama. Kaka akaenda Lamadi, mimi nikapewa kazi ya kukaa nyuma ya ng'ombe kuangalia kama mfuko utatoka. Haukutoka, naye hakufa, ila rambo zilipigwa marufuku kwetu zamani sana kabla ya serikali kushtuka. Tukajaribu tanga la gunia, likanywa maji likazama. Mwishowe tukahamia kwenye dumu la mafuta lililokatwa ubavuni, tanga la kitambaa cha mwavuli.

Refa alikuwa mama, tuliyemwita Mayu. Ukipuliza tanga kwa mdomo, umetoka. Ukigusa mashua kwa fimbo, umetoka. Mimi niliwahi kutolewa kwa kupiga chafya, na mpaka leo inaniuma.

Mama mwenyewe hakuwahi kufika Lamadi. Kila mara kulikuwa na ndama anayeumwa au mgeni wa kupikiwa. Ila kila tuliporudi alituuliza lile lile: ng'ambo inaonekana? Tukimwambia haionekani, aliendelea kutwanga.

Krismasi iliyopita tulikutana nyumbani, watu wazima wenye vitambi. Kaka, ambaye sasa ana gari, akasema tushindane tena, mshindi apelekwe Lamadi. Tukacheka, maana sote hupita Lamadi tukienda Mwanza. Mama akatoka jikoni na ndala moja, kijiti na kipande cha kitenge.

"Na mimi nimo," akasema.

"Mayu, refa hashindani," nikamwambia.

"Nani kakwambia? Refa si mimi?"

Ndala yake ikanasa kwenye majani palepale ukingoni. Mama akakunja kitenge alichovaa, akaingia majini hadi magotini, akalipuliza tanga. Pumzi ilipomwishia akachukua fimbo, akaisukuma mashua huku akitutazama mmoja mmoja. Dumu langu lilikuwa limekaribia ng'ambo. Nikalikamata. Hapo ndipo nilipoelewa alivyolitaka lile ziwa.

"Nimeshinda," akatangaza, maji yakimchuruzika.

"Refa kasema," baba akajibu.

Kesho yake mama alisimama ufukweni Lamadi, viatu mkononi. Ng'ambo haikuonekana. Mitumbwi ilikuwa inaingia, matanga yake ya viroba vilivyoshonwa, wavuvi wakifukuzana kuwahi wanunuzi. Akanivuta mkono.

"Na hawa," akauliza, "akishinda mmoja, anapelekwa wapi?"