Presha ya Siku ya Kliniki

Alhamisi ya tarehe 13 Aprili, siku ya kwanza ya mwaka mpya wa jadi, Mzee Khamphan amekinga viganja ili wajukuu wammwagie maji ya baraka. Maji yanagusa viganja, naye anakwenda chini.

Bi. Bualoi, mhudumu wa afya wa kijiji cha Ban Nong Takai, anatupa mchi wa kutwangia saladi ya papai anayouza na kuja mbio na kipimo. Presha 206. Anapima tena, maana juzi tu kliniki ilimwandikia mzee huyu 128 na daktari akamsifu.

"Nilidhani kipimo kimerogwa," anasema leo.

Khamphan ni fundi wa pla ra, samaki wa kuvundikwa mtungini kwa chumvi, na figo zake zinaumwa mwaka wa sita sasa. Alishaambiwa: presha isipotulia, zitakufa kabisa, na maisha yake yatahamia kwenye mashine ya kusafisha damu mjini.

Ukweli aliutoa mkewe, Bi. Nuan, huku akimpepea mumewe. "Dada, juzi tulikuwa tumefunga."

Kumbe kijiji kizima hufunga. Kliniki hutangazwa wiki nzima kwenye kipaza sauti cha mkuu wa kijiji. Hapo mitungi hufunikwa, vidonge vilivyosahauliwa hukumbukwa, na watu hula wali wa kunata mtupu. Wala si ujanja, ni adabu: humpelekei daktari presha mbaya, kama usivyompelekea mtawa chakula kilicholala.

Daktari anaona namba nzuri, haongezi dawa. Wakubwa wa wilaya nao wakazijumlisha namba hizo, wakapigiana makofi, wakatundika cheti ukutani. Nani kati yao amewahi kuchungulia chungu cha mtu?

Tangu siku ile Bi. Bualoi hupita majumbani saa ya chakula, bila taarifa. Adhuhuri hii anamkuta Khamphan na mtungi mkono mmoja, upawa mkono mwingine.

"Dada, siku hizi hata hodi hupigi?"

"Mwizi wa presha hapigi hodi. Weka mkono mezani, funga mdomo."

"Na hii pla ra yangu?"

"Tulisema kijiko. Huo ulioshika ni upawa."

"Mke wangu hajawahi kunisimanga hivi."

"Mkeo anakuogopa. Mimi nakuogopea."

Mkanda unajaa upepo, unakaza. Hata Bi. Nuan anaacha kupuliza moto. Ndani ya mkono ule mkavu damu inagonga, inagonga, kisha inatulia. 134.

Khamphan anaikodolea macho namba ile kama mtu aliyerudishiwa kitu chake kilichoibwa. Daktari mmoja kijana alikubali kuongeza dawa kwa kufuata vipimo vya nyumbani, na figo mbili zenye ukubwa wa ngumi, zilizochoka hivyo, bado zinachuja damu ya mtu mzima akiwa macho, akiwa usingizini. Mashine ya mjini haijamwona.

Bi. Bualoi, ambaye betri za kipimo hununua kwa pesa ya saladi, anataka kila nyumba yenye mgonjwa wa figo iwe na kipimo chake. Mwezi uliopita alisimama mbele ya wakubwa wa wilaya, vidole vikinuka pla ra ya saladi yake, akawauliza jambo moja. Waliangalia saa zao, wakafunga mkutano.

"Mnamtibu mtu wa siku ya kliniki," aliuliza, "je, huyu wa siku nyingine zote ni wa nani?"