Picha Ndefu ya Kimbiji

Jumapili ile nilifika ufukweni Kimbiji nimechoka hata kabla matembezi hayajaanza. Wiki nzima nilikuwa nasahihisha madaftari, na alfajiri nimepika pilau la watu kumi na wawili. Lakini pilau halichoshi kama ndugu.

Kaka yangu mkubwa na mdogo wangu wa mwisho walikuwa hawasalimiani mwaka wa pili. Baba alipofariki, kaka aliamua azikwe huku huku Temeke. Mdogo wangu alitaka mwili usafirishwe Masasi, akalale na wazee wake. Mkubwa ni mkubwa, neno la kaka likapita. Tangu siku hiyo mdogo wangu akikutana na kaka hamwamkii. Na kwetu mkubwa haanzi kumwamkia mdogo, ng'o! Basi wote kimya, na mie katikati ndiye tarishi wao: mwambie kaka yako hivi, mwambie mdogo wako vile. Jamani, nilichoka.

Mama alitaka kitu kimoja tu. Kesho yake alikuwa anarudi Masasi, magoti yamegoma, na mwenyewe alishasema Dar haji tena. Alitaka picha moja ya ukutani, wanawe wa kiume wote wawili wamo ndani. Mie mpiga picha sihesabiwi, nimeshazoea.

Nikawaambia wasimame. Mdogo wangu akaenda zake kushoto, kwenye mivinje. Kaka akashika kulia kabisa, karibu na mawe. Wake zao na watoto wakajaza katikati, mama kwenye kiti cha plastiki. Hapo hakuna simu ya kuwaenea. Ndipo nikakumbuka panorama: unaanza upande mmoja, unazungusha simu taratibu mpaka upande wa pili, yenyewe inaunga vyote kuwa picha moja ndefu. Nikajiona mjanja kweli.

Ya kwanza mkono ulitetemeka, bahari ikatoka ngazi ngazi. Ya pili wifi yangu aligeuka kufukuza nzi, akatoka na pua mbili. Watu wakacheka, mie sikucheka. Ya tatu kaka akapokea simu.

"Kaka, nakuomba, iweke mfukoni!"

"Mwalimu, hapa siyo darasani."

Jua la saa saba utosini, mgongo unawaka, halafu naambiwa hivyo! Nikawafokea wote, mkubwa na mdogo: "Ambaye sijamfikia asitikisike! Nikishakupita, uko huru, nenda hata nyumbani kwako!"

Nikaanza ya nne. Nikampita mdogo wangu, mikono kaikunja kifuani, uso umenuna. Nikawapita watoto, nikampita mama. Nilipokaribia mwisho nikasikia miguu mchangani nyuma yangu. Sikuthubutu kugeuka, picha ingeharibika. Kaka akaingia kwenye kioo cha simu, na pembeni yake, ameinamisha kichwa, mdogo wangu.

"Shikamoo, kaka."

Kaka akatazama chini, akatazama watoto. Nikasema moyoni, Mungu wangu, huyu mtu atamwacha hivi hivi mbele ya mama.

"Marahaba," alisema. Halafu tena, kwa sauti ndogo, "Marahaba, mdogo wangu."

Kidole changu kikabonyeza chenyewe, picha ikakatika hapo.

Baadaye, nikimpakulia pilau, nilimuuliza mdogo wangu kimempata nini. "Nimechoka, dada," akanijibu. Nikamwambia hata mie.

Lakini picha ilikuwa na kasoro: mdogo wangu katoka mara mbili, huku kanuna peke yake, kule kainama kwa kaka yake. Nikawaambia waje wakae pamoja sasa, nipige ya kawaida, iliyonyooka. Mama akakataa. Akaisogeza simu karibu na macho, akaipitishia kidole toka mwanzo mpaka mwisho, polepole.

"Huyu wa huku mkate," alisema, akigusa upande wa mivinje. "Wa kule niachie. Mwanangu ni yule."

Nikamkata hapo hapo, mama akiangalia. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta, maana mikono yote miwili ilikuwa na kazi.