Mfuko wa Mara ya Thelathini

Fundi wa karakana yetu ya Likoni hukata kucha kila asubuhi kabla ya kugusa mpira. Huupaka ukiwa majimaji juu ya kalibu ya boti, tabaka baada ya tabaka, mpaka ugande uwe mfuko laini wa kufunikia faibaglasi pampu inapofyonza hewa. Wengine hutumia nailoni na kuitupa. Mfuko wake hukunjwa kama nguo ya Idi, ukangojea kazi nyingine. Mwaka wa tisini na tatu, mteja wa hoteli moja ya Shanzu aliucheka ukiwa umefunika boti yake ya kwanza kati ya saba, pampu ikivuma, akanigeukia.

"Bi Salme, huu umetumika mara thelathini. Ukivuja, pwani nzima itajua kazi ya karakana hii."

Karakana hii ina jina la marehemu mume wangu, limeandikwa mlangoni. Fundi alilowesha shavu, akalipitisha ukingoni mwote akitafuta upepo, kisha akazima pampu.

"Kama unavuja, bwana, mshale wa geji utashuka. Mimi naenda kuswali Alasiri."

Aliporudi, taratibu, akikunjua mikono ya shati, mteja alikuwa bado ameinamia geji. Mshale haukuwa umesogea hata unywele.

"Boti zetu sita zilizobaki utaziunda lini, fundi?"

"Muulize bibi mwenyewe."

Nikamwambia asubiri zamu yake.